Kafara ya Kiapo Nisichokivunja

Maji yalikuwa yameshapata uvuguvugu, majani ya mkunazi yamo ndani, na mama yangu amelazwa juu ya kitanda cha kamba, uani, kanga zimetundikwa pande zote kumsitiri. Ufuo wa kupokea maji umeshachimbwa chini yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwosha.

Si kwamba hapakuwa na mwosha. Wenzangu wa chama, waliojaa ukumbini na mabuibui yao, walikuwa wamemleta Bi Biasha kutoka Ng'ambo, hodari wa kazi yake, keshajifunga kanga kiunoni. Ananingoja mimi nimwambie aanze. Na mimi nimesimama tu na kata mkononi, kwa sababu mama kaacha usia: asioshwe na mtu ila Bi Mwanakhamis wa nyumba ya mbele.

Hiyo ilikuwa Mfunguo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, mwaka wa hamsini na nane, mtaani kwetu Kajificheni. Waliozaliwa baadaye nikiwahadithia hawanisadiki. Baada ya uchaguzi watu walisusiana mpaka katika mambo ya Mungu. Huyu hanunui kwa yule, huyu hasali nyuma ya yule, na maiti anazikwa na wa chama chake tu. Sisi wanawake wa chama chetu tulikutana siku moja baada ya Alasiri, ukaletwa Msahafu, tukaweka mikono mmoja mmoja: hatutaingia nyumba ya mtu wao, kwa furaha wala kwa msiba. Niliapa kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na maneno mengi kuliko akili.

Basi mwezi haujesha, Mashavu akashikwa na uchungu. Mashavu alikuwa binti yake Bi Mwanakhamis, nyumba ya chama kile kingine, na ndugu yangu wa ziwa, maana mama alitunyonyesha sote wawili mwaka ule mama yake alipougua. Nyumba zetu zinatazamana. Mtu akikohoa kule unamsikia huku. Siku mbili nilimsikia. Siku ya tatu asubuhi pakawa kimya, halafu kikapanda kilio.

Mama alikuwa hawezi, ugonjwa wa moyo umemlaza, hata ngazi hateremki. Aliniita.

"Nenda kwa mwenzako."

"Nshaapa, mama. Nshaweka mkono."

"Ni Mungu aliyekwambia usende?"

Nikamjibu kwamba Mungu kaamrisha mtu atimize kiapo chake, na kweli kaamrisha. Mama akageukia ukutani. Mimi nikakaa dirishani, jeneza la Mashavu likatoka, nikalia na ncha ya kanga mdomoni ili wenzangu wasinisikie. Nilijiona muumini na nilijiona mnyama, yote mawili pamoja, na sikujua lipi nilisadiki.

Ndiyo hayo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipokuwa nimeshika ile kata. Nitamwitaje? Mlango wake siwezi kuukanyaga. Na yeye naye kaapa kwao, Msahafu ni huo huo, aya ni hizo hizo. Kama usia wa mama unanifunga na kiapo kinanifunga, nivunje kipi? Hapana aliyenifundisha hayo chuoni, nilikosoma Kurani. Bi Biasha akakohoa kidogo, kunikumbusha kwamba maiti hangojeshwi.

Pazia la uani likafunuliwa, akaingia Bi Mwanakhamis.

Arubaini ya mwanawe ilikuwa bado. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Akatoa salamu kwa wote, wakaitikia wachache, wengine wakatazama chini. Akavua buibui, akalikunja vizuri, akamwomba Bi Biasha kwa adabu ampishe. Bi Biasha akanitazama mimi. Niliinamisha kichwa, naye akampisha.

"Mimina, Tabia," Bi Mwanakhamis akaniambia. "Kulia kwanza. Taratibu, mama yako hataki kumwagiwa maji."

Nikamimina. Alimwosha kama anavyooshwa mtoto aliyelala, hataki kumwamsha. Akamsuka nywele mikia mitatu, akamtia karafuu maiti, na kila alipomgeuza alimwambia kwanza kwamba anamgeuza. Mara moja alimwambia jambo sikioni, sikulisikia.

Alipomaliza alinawa, akavaa buibui lake. Kahawa hakuinywa. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamshukuru, nikataka kusema neno juu ya Mashavu. Nililitaja jina tu.

"Alikuulizia," akasema. "Siku zote mbili."

Akavuka njia, akaingia kwake.

Siku ya pili, kutoka dirishani, nilimwona jirani akimpelekea kahawa barazani, naye akaikataa, kwamba amefunga. Jirani akashangaa, swaumu gani Mfunguo Tano? Nikamsikia akijibu kuwa ni kafara ya yamini, kiapo alichokivunja. Siku tatu jiko lake halikutoa moshi mpaka Magharibi.

Nimeligeuza jambo hili miaka yote. Aliyevunja kiapo alikuwa yeye, na akalipa. Mimi nilikitimiza, sikutoa chochote. Yeye alimfuata Mungu akaja, au alimfuata mama, au alikuja ili mimi nione? Na mimi nilipokaa dirishani nilikuwa namwabudu nani? Mungu, au wale wanawake walionizunguka? Sikumwuliza, na yeye keshakufa. Aliniitikia shikamoo yangu maisha yake yote, marahaba na hapana zaidi.

Mwaka jana nilikwenda kwa Sheikh Borafya, anayesomesha msikiti wa nyuma yetu. Nikamwuliza, mtu aliyetimiza kiapo chake, kafara yake ni nini? Alinitazama, akadhani uzee umenipiga.

"Aliyetimiza hana kafara, Bi Tabia," akanijibu kwa upole. "Huna unalodaiwa."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Kesho yake ikawa Mfunguo Tano imeingia. Nikaamka kabla ya alfajiri kama kila mwaka, nikala daku peke yangu, nikatia nia, sijui ya nini.