Mkono Juu ya Kifuniko

Jokébed hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Kwa Jumapili ya tatu mfululizo aliisukuma mbele sahani ya maharagi, akanywa maji, akamkazia macho Kyakimwa, mke wa mwanawe.

"Majani yako iko bukali kama dawa ya minyoo. Dimanche inayokuja ikiwa vile tena, kesho yake naingoa, napanda lengalenga. Parcelle yetu haiko kubwa."

Kyakimwa alikusanya sahani. Shina lile moja la kasihiro, majani ya kunukisha maharagi, nyuma ya nyumba yao pale Bungulu, mjini Beni, ndicho kitu pekee alichotoka nacho Manguredjipa siku watu walipokimbia vita, mizizi imefungwa ndani ya kitenge. Mama yake alizikwa huko. Harufu ya kasihiro ndiyo iliyobaki ya jiko lake, na sasa ing'oke kwa ajili ya lengalenga, mchicha tu. Alikasirika. Hapana, haitang'oka.

Kuipika alijua, au alidhani anajua. Maharagi yaive na mawese na kitunguu. Sufuria itoke kwenye mbabula, jiko la makaa. Majani yasuguliwe viganjani, yaingie, ufunike. Hapo mama yake alikuwa akiweka mkono juu ya kifuniko na kuomba, midomo ikicheza bila sauti. Basi Kyakimwa naye aliomba. Tangu aolewe kwa Waprotestanti aliomba kama wao: aliwaombea wagonjwa, walio safarini, amani ya Beni, na watoto ambao bado hajawazaa. Akifunua, chungu.

Jumatano alimpigia simu mama yake mdogo, Julie, aliyeko Butembo.

"Mama alikuwa anaomba nini juu ya casserole?"

Julie alicheka mpaka akakohoa. "Kuomba? Ile ilikuwa saa yake. Salamu Maria kumi, unafungula. Ukipitisha, inakuwa bukali."

"Ni dakika ngapi?"

"Nani alishapima? Sema tu polepole, vile alikuwa anasema mu rozari ya mangaribi."

"Mais mama mudogo, huku ni kwa Baprotestanti. Na mama mukwe anaikalaka mu jiko."

"Donc asikie Salamu Maria, ao akule bukali. Uchague."

Jumapili Jokébed aliketi jikoni, mikono kifuani, ushindi ameshauonja. Kyakimwa alitia majani, akafunika, akaweka mkono juu ya kifuniko. Angeweza kunong'ona. Hakunong'ona.

"Salamu Maria, umejaa neema," alianza kwa sauti, kwa mwendo uleule wa mama yake.

Kwenye ya pili Jokébed alikohoa. Kwenye ya nne akasimama. Kwenye ya saba akakaa tena, maana harufu ilikuwa imeanza kutoka. Ya kumi ilipoisha, Kyakimwa alifunua.

Jokébed alikula sahani mbili. Alifuta mchuzi kwa tonge la mwisho la bugali.

"Majani ibakie," alisema. "Mais mu nyumba yangu, ile maneno nisiisikie tena."

"Ndiyo, mama."

Jumapili iliyofuata mazoezi ya kwaya yalimchelewesha Kyakimwa kanisani. Alipofika kwenye mlango wa jiko alisikia sauti ya chini, ya mtu anayejikwaa kwenye maneno mageni: "...utuombee sisi wakosefu..." Akachungulia. Jokébed alikuwa ameinamia sufuria, mkono mmoja juu ya kifuniko, mwingine umekunja vidole vyote, na sasa ameanza kuvikunjua.

Kyakimwa alirudi nyuma taratibu, asije akampotezea hesabu.