Mtu Aliyempisha

...simba, mama amesema simba, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na Hardy, aliyeketi kwenye kigoda kati ya magoti ya mama, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama kama za mtu aliyekurupuka usingizini, anatamani sakafu ya saluni ipasuke immeze, maana simba gani huyo anayepisha njia, lakini mama yake, Henriette, hana habari, au anajifanya hana, vidole vinatembea tu, na mdomo unamwambia Kulthumu, Mtanzania muuza vitenge anayesubiri zamu yake, kwamba mtoto wangu huyu anacheza raga kule Ufaransa, si ile ya kwenye televisheni ya hapa, hapana, iko ingine, ya watu kumi na tatu, raga ya ligi, na ndiyo kazi yake, dada, kazi yake ni kukimbia... "Na kugongwa," anadakia Kulthumu, anacheka, na Hardy anacheka naye, kicheko kikavu, kwa sababu neno hilo limempata palepale nyuma ya sikio la kushoto, mahali goti la mtu lilipomkuta katika msimu wake wa kwanza, akazinduka amelala chali kwenye nyasi, daktari akamuuliza yuko mji gani, naye akajibu, Durban, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakampenda kwa hilo, na baadaye daktari akasema amepona, kocha akasema amepona, yeye mwenyewe akasema amepona, ni mwili tu ambao haukuulizwa... na zamani mwili huu haukujua woga, hapahapa Durban, shuleni Glenwood, mwalimu wa michezo alisimamisha mazoezi amtazame, mtoto wa Kikongo kutoka mtaa wa Point anawaangusha wavulana waliomzidi kimo kama mtu anayeangua maembe, ndivyo alivyoonekana, ndivyo alivyopata klabu, kanisa zima likamsindikiza uwanja wa ndege kwa kuimba, ee Mungu, waliimba, na yeye akawapungia mkono kama waziri...

"Inamisha kichwa, papa," anasema mama, ambaye humwita mwanawe papa tangu utotoni, naye anainamisha, na akiinamisha tu anaiona tena, ile Jumapili, dakika za mwisho, yule mtu mkubwa ameukumbatia mpira anakuja moja kwa moja kwake, na kazi ya Hardy ilikuwa moja, kushusha bega na kumkaba mapajani, jambo alilolifanya mara elfu, na bega likakataa, mguu ukasogea pembeni nusu hatua, mikono ikafunguka kama ya mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni mlangoni, karibu, pita, na mtu akapita... Jumanne kocha akawaonyesha mkanda wa mechi, akausimamisha hapohapo, kwenye ile mikono iliyofunguka, akaurudisha nyuma, akausimamisha tena, na wote chumbani wakatazama viatu vyao, hakuna aliyemtukana, heri wangemtukana, mechi zilizobaki alizitazama akiwa benchi, na sasa amerudi nyumbani likizo kuitwa simba mbele ya wateja... vidole vya mama vimesimama. Vimesimama nyuma ya sikio, juu ya kile kinundu kilichoachwa na goti, vinakizunguka polepole kama vinavyopima joto la mtoto mchanga, na mama anainama hadi pumzi yake inamgusa shingoni, anasema kwa sauti ambayo Kulthumu hawezi kuisikia, "Niliona. Walinionyesha kwenye simu. Ule mutu mukubwa alikuya, na we ukamupisha."

Basi. Limesemwa. Kwa wiki nyingi amelisubiri sikioni kama kofi, na halikuja kama kofi, kwa sababu mama anaendelea, "Nilipiga magoti hapahapa, nikasema merci, Mungu wangu, merci, mutoto ameepuka," na Hardy anauma mdomo asilie mbele ya muuza vitenge, mama alishukuru, kumbe kuna mtu duniani aliyeona ile nusu hatua akashukuru, mama yake alipiga magoti... na mama mwingine alikuwa anaruka uzio. Alimwona, mbona alimwona kabisa, mkoba umening'inia mkononi, kiatu kimoja kimebaki nyuma, yule mama aliyemletea keki kila mechi ya nyumbani kwa sababu alisema amekonda, anakimbilia kule nyuma ambako mwanawe wa miaka kumi na tisa, beki wa mwisho, mwepesi kama ufito, hakupisha, alisimama, na ule mlio wa taya ukasikika hadi benchi, na Hardy hakugeuka, alikuwa ameanza kuona aibu tayari, aibu ilikuwa imeshamfunika macho, na tangu siku hiyo ameutazama mkanda ule kichwani usiku na mchana na kila mara ameusimamisha palepale kocha aliposimamisha, kwenye mikono yake, kwenye uso wake, yeye, yeye, yeye, hata siku moja hajauacha uende mbele mtu aanguke... hospitali hakwenda, alijiambia ataambiwa nini, wakati kijana huyohuyo, mwenzake wa chumba kimoja, aliyemfundisha kuendesha gari kwenye barabara za mashamba ya zabibu, alikuwa amefungwa taya kwa waya, anakunywa supu kwa mrija, na juzi akamwandikia, umefika salama? nisalimie mama, na yeye hakujibu, aliyasoma maneno hayo kama shtaka, kumbe yalikuwa salamu tu...

"Umemwambia nini mtoto, mbona anauma mdomo?" anauliza Kulthumu, na mama anajibu, "Mambo yetu," vidole vinarudi kazini, vinavuta, kichwa kinauma, na Hardy, akiitazama sakafu na nywele zilizodondoka, anasikia sauti yake mwenyewe inatoka ndogo, "Maman, nyuma yangu kulikuwa Fabien."

Na mama, ambaye amempigia simu kila Jumapili ya msimu mzima akamuuliza amekula nini, nguo anafuliwa na nani, anasali wapi, anaugawa mstari mwingine kwa ncha ya kitana, anauliza:

"Fabien ni nani?"