Vijiko Tisa

"Pinduka, Mwalimu," alisema Pilsun, akampiga kofi dogo begani.

Mwalimu Hayeong akapinduka juu ya meza ya plastiki, akalala chali uchi kama alivyozaliwa, na mdomo wake haukukoma hata wakati wa kupinduka. Ndivyo alivyokuwa. Kila Jumatano alifundisha akina mama kuandika hadithi katika maktaba ya mtaa, na kila Ijumaa asubuhi alikuja kwenye bafu la umma la wanawake kusuguliwa. Tangu Pilsun ajiunge na lile darasa, Ijumaa nayo ikawa kipindi.

"Lile pichi kwenye hadithi yako, Mama, limeninyima raha," alisema. "Wanawake wetu wanaoandika siku hizi, kwao hakuna kitu kinachobaki kuwa kitu tu. Mtu akifua shuka lile lile siku tatu mfululizo, ujue kuna neno limemkwama kooni. Sasa hilo pichi ni nini? Mwili wa mwanamke? Hamu aliyonyimwa?"

"Ni pichi," alisema Pilsun. "Inua mkono."

Akakivuta vizuri kitambaa chake kigumu cha kijani cha kusugulia mkononi na kuanza kwapani kushuka chini. Nongo ikatoka, ikajiviringisha. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa akisugua wanawake wa mji wa Miryang, waliotoka kujifungua na waliotoka kuzika. Mgongo wa mtu ulimwambia mengi kuliko uso wake. Kuandika kulikuwa kazi ngeni, na kwa miezi mitano alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu tu.

Binti amekaa kando ya kitanda cha hospitali. Mama yake mzee anafumbua macho na kusema, "Nasikia harufu ya pichi." Hadithi iliishia hapo.

"Na jinsi ulivyoiacha wazi!" Mwalimu alisema. "Wanafunzi wangu wa chuo hawawezi hivyo. Lakini niambie mimi peke yangu. Baada ya hapo, kilitokea nini?"

Pilsun akachota maji kwa beseni na kummwagia. Hakuwa ameiacha wazi kwa ufundi. Aliona haya kuendelea, basi. Pichi lilikuwemo kweli, ndani ya mkoba wake, jeupe na limeiva vizuri. Alilinunua njiani ale yeye mwenyewe, maana mama alikuwa na kisukari na daktari alishakataza. Akamjibu mama, "Hakuna pichi hapa, umeota." Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi za hospitali na kulila lote, maji yake yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Siku ya nne mama akafa. Mwaka ulikuwa unatimia, na bado alikuwa hajamwambia mtu.

"Kesho ni tambiko la Mama, mwaka wa kwanza," alisema badala ya kujibu. "Kwangu. Wifi kakaanga vitafunio vya tambiko miaka thelathini, mgongo umemwisha. Kaka akasema basi, tuache. Nikamwambia niletee picha ya Mama, nitapika mimi."

"Vizuri! Basi muwekee pichi mezani."

Pilsun akaacha kusugua. "We Mwalimu, ulilelewa wapi?"

"Seoul. Nyumba ya kilokole."

"Nilijua tu. Meza ya wafu haiwekwi pilipili, haiwekwi kitunguu saumu, na pichi ndiyo kabisa. Pichi huwafukuza. Wanafika mlangoni, wanaliona, wanarudi walikotoka. Mama alikuwa akisema ni yale manyoya yake."

Mwalimu akainuka kwa kiwiko, macho yakimng'aa. "Kwa hiyo alichokitamani ndicho kitakachomzuia kuingia? Mama, hiyo ni alama ya..."

"Lala chini, sijamaliza mguu."

Lakini neno lilikuwa limemwingia Pilsun, na likamkaa siku nzima. Jumamosi alipokwenda sokoni kununua samaki, mapea na tende, mikono yake ilinunua pia pichi moja jeupe kabla hajaamua lolote.

Alasiri hiyo alikaanga, akachemsha, akapanga. Kila kitu kilipokwisha, pichi lilikuwa bado kando ya sinki. Akilipanga mezani, mama asingeingia. Asipolipanga, angekuwa amemnyima mara ya pili, na safari hii hakukuwa na daktari wa kumsingizia. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa kitambaa kipya cha kusugulia, akakilowesha.

Alianzia juu, kwenye mabega, akashuka polepole. Wazee husuguliwa hivyo, kwa kiganja badala ya vidole, kwani ngozi yao imekuwa nyembamba. Ndivyo alivyomsugua mama yake kila mwaka kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya, naye mama akilalamika wakati wote, "Unanichuna, mtoto we! Watu wanakulipa kwa mateso haya?" Manyoya yakatoka, maji yakawa na ukungu. Akasuuza, akasugua tena. Hatimaye pichi likabaki laini mkononi mwake, limelowa na kung'aa, na Pilsun akagundua kwamba alikuwa akilia kwa muda sasa.

Kaka yake, Mangi, alifika saa kumi na mbili jioni na picha ya mama imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa hajavua hata kiatu cha pili alipoiona meza.

"Lile nini?"

"Pichi."

"Pilsun! Umepata kichaa? Mara ya kwanza tu kumkaribisha Mama kwako, unamwekea kitu cha kumfukuza?"

"Nimelisugua. Gusa."

"Sigusi!"

"Gusa, Kaka. Miaka thelathini na mmoja nasugua watu, nitashindwa na tunda?"

Mangi akagusa kwa ncha ya kidole, akajifuta kwenye suruali. Akagusa tena. "Kweli halina manyoya," alikiri. "Lakini asipokuja je?"

Pilsun akaketi sakafuni. Akamweleza yote, mkoba, harufu, ngazi za hospitali. Alieleza akitazama mikono yake, na alipomaliza alingoja atukanwe.

Mangi akafungua fundo la kitambaa kilichofunga picha. "Mimi kwenye kile chumba nilikwenda mara mbili," alisema. "Sikumpelekea hata hiyo harufu." Akainuka, akaufungua mlango wa nje wazi kabisa, akaiweka picha ya mama mahali pake na kuwasha ubani.

Akamimina pombe ya mchele, wakainama. Pilsun akafunua bakuli la wali na kusimika kijiko katikati. Kisha, kama inavyotakiwa, wakatoka chumbani na kuvuta mlango wake, mgeni ale bila kutazamwa. Mtu hungoja muda wa vijiko tisa, halafu mwanamume hukohoa mara tatu kabla ya kuingia, ili asimshtue aliye mezani.

Walisimama jikoni bega kwa bega, Mangi akihesabu kwa sauti ya chini. Mlango wa nje ulikuwa wazi na joto la Agosti likiingia kutoka kwenye ngazi.

"Saba. Nane. Tisa." Akaweka ngumi mdomoni akohoe.

Pilsun akamshika mkono. "Bado."

"Tisa vimetimia."

"Kijiko ni cha wali, Kaka. Pichi huliwa kwa meno, na Mama alibakiwa na manne."

Mangi akamtazama dada yake, akautazama mlango uliofungwa. Akashusha ngumi.

"Moja," alianza upya, taratibu zaidi.