Mapovu Ndani ya Shoki

Gari la rimoti la ndugu yangu Ogeto lilikuwa limepinduka mara mbili kwenye tuta la udongo, pale kiwanja cha Kiogoro. Ilibaki raundi moja tu. Likipinduka tena, anatolewa mashindanoni.

"Ogeto, hiyo ni gari ama chura?" Cleophas, mmoja wa washindani, akauliza, na wenzake wakacheka.

Ogeto akashika bisibisi ili akaze springi. Lakini asubuhi nilikuwa nimemwangalia akibadilisha oili ya shoki, vile vifaa vya kupunguza mtikiso wa magurudumu. Alimimina, akafunga hapo hapo, akakimbilia misa.

"Wacha springi," nikamwambia. "Shoki zina hewa. Ulifunga mapovu yakiwa ndani."

"Na wewe umejua wapi hiyo?"

"Kwa kukuangalia. Lete hapa."

Akanipa kwa sababu hakuwa na wazo lingine. Nikafungua shoki zote nne, kila moja ndogo kama kidole changu cha mwisho. Nikaongeza oili, nikapandisha na kushusha kile chuma cha ndani polepole, halafu nikangoja mapovu yatoke.

"Nyanchera, wanatuita."

"Wacha waite." Mimi humngoja karani wa kupima majani chai kituoni toka saa sita mpaka jioni. Mapovu ni nini?

Povu la mwisho lilipopasuka, nikafunga. Gari likaruka tuta, likatua kwa magurudumu yote, likatulia, likaenda hadi mwisho. Lilikuwa la nne.

Ogeto akaniletea gari likiwa bado na vumbi. "Jumapili ijayo," akasema, "kazi ya oili ni yako."