Dirisha la Jikoni Katubuka

Kazi yangu ni kuchungulia ndoa za samaki. Usicheke. Navaa miwani ya kuzamia, naingia Ziwa Tanganyika, naangalia nani anamtongoza nani. Kuna dume anayebeba mchanga kwa mdomo, funda kwa funda, mpaka anajenga duara pana kule chini. Majike wanapita wanakagua. Anayeridhika anataga, anabeba mayai yake mdomoni, anakwenda zake. Wengine hulea pamoja, mama akichoka baba anapokea watoto mdomoni. Na kwenye mawe kuna aina ambayo jike ndiye mkubwa, ndiye mwenye amri, dume ananywea.

Isaka ndiye anayeniendeshea boti. Mtu wa Ujiji, mpole kupita kiasi. Miaka mitatu nampenda mpaka nimekonda, naye ananiita "dada Asnath". Dada! Tumezaliwa tumbo gani? Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Huyu sijui alikunywa dawa gani. Nami kwetu Upareni nimelelewa kwamba mwanamke haposi, huposwa. Nikasubiri. Yeye akitoka botini anakwenda Katubuka kujenga nyumba, na hasemi inamngoja nani.

Uhamisho wangu wa Mwanza ukaja. Asubuhi ya safari nikamwambia Nasri, bodaboda wangu, afunge begi langu nyuma, anipitishe Katubuka nikaage.

Isaka akanizungusha vyumba vyote. Akanieleza bati, akanieleza shimo la choo. Shimo la choo, jamani, na mimi moyo unataka kunitoka! Tukaishia jikoni, kwenye dirisha ambalo ukisimama unaliona ziwa. Nikampa nafasi ya mwisho.

"Hongera, Isaka. Atakayeingia humu ana bahati."

"Asante, dada."

Asante! Nikatoka hata viatu sijafunga, nikapanda pikipiki. Tulipofika barabara kubwa hasira zikanishinda.

"Geuza," nikamwambia Nasri.

"Basi litakuacha, dada."

"Liniache! Nimesema geuza."

Isaka alikuwa palepale jikoni, ameshika nondo za dirisha, macho mekundu.

"Hii nyumba ni ya nani?" nikamuuliza.

Akaangalia sakafu. "Siku moja kwenye boti ulisema ungependa kuosha vyombo huku unaliona ziwa. Nikabomoa ukuta, nikalihamishia dirisha huku."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na kwa nini hukusema?"

"Si wewe mwenyewe ulinifundisha? Dume anajenga, jike anakuja kukagua. Nilikuwa nangoja ukague. Leo umekagua, umesema hongera, ukaondoka."

"Mimi si samaki, Isaka!" Nilikuwa nalia kwa sauti, wala sikuona aibu. "Nimekuwa nakungoja mpaka roho inaniuma. Huo mdomo ulipewa wa kubebea mchanga?"

"Asnath," akasema, bila dada.

Nikapaza sauti kupitia nondo za dirisha.

"Nasri! Shusha begi."