Mikono Iliyo Pichani

Jumatatu saa mbili asubuhi mfagiaji alikuwa akipangusa picha ya Bwana Mkubwa, mwanzilishi wa kiwanda, mikono ya pichani ilipotoka ikampokea kitambaa. Ilikikamua, ikamrudishia, ikarudi kukaa juu ya bakora.

“Ahsante, babu,” akasema mfagiaji.

Aliijua kwa kidole cha mwisho, kilichopindishwa na jiwe la msingi la jengo hilohilo. Kwao habari hiyo haikuwa siri. Bwana Mkubwa alimpa mchoraji uso wake kwa nusu saa, akaenda zake kula. Siku kumi na tisa zilizobaki alisimama babu yake mfagiaji, mwashi wa jengo, amevishwa koti lisilo lake, ameambiwa anyooshe mgongo. Ndiyo maana wageni husema: tazama kifua kile, tazama mikono, huyu alikuwa mtu wa kazi! Uso wenyewe ni wa mtu anayengoja chakula. Na chini, kibao cha shaba: ALIJENGA KWA MIKONO YAKE.

Mfagiaji akamwita karani. Alitaka jina la babu yake liandikwe kwenye kibao, basi.

“Ushahidi uko wapi, mama?”

Mkono ukatoka. Karani akaushika kwa adabu. “Shikamoo, mzee.”

Mkono haukuitikia. Mdomo wa pichani ni wa Bwana Mkubwa.

“Haya, mkono nimeuona,” akasema karani. “Barua ya maombi je?”

“Umemshika mkono mwenyewe, bado unataka karatasi?”

“Utaratibu, mama. Usinitie matatani.”

Mfagiaji akaandika barua, mzee akaweka dole gumba.

Kamati ilikaa. Wajumbe wote walikubali, bila mmoja kubisha, kwamba mikono ni ya mwashi. Kwa hiyo wakaamua ichorewe glavu nyeupe. Mwenyekiti alieleza kuwa glavu humwongezea mtu hadhi, na kibao kibaki kama kilivyo.

Akaletwa mchoraji. Alifanya kazi siku mbili, akaisifu mikono: haikutikisika hata mara moja, alisema, ni kama imezoea. Siku hizi wageni husimama pale wakasema, ama kweli huyu alikuwa muungwana.

Mfagiaji aliambiwa afute matone ya rangi nyeupe sakafuni kabla milango haijafunguliwa. Akapiga magoti, akafuta.