Kina cha Ra

Ko. Ko. Ko.

Fimbo iligonga ukuta wa mabati mara tatu, na ukumbi mzima ukanyamaza. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa magunia. Kwenye televisheni, bibi mchawi alikuwa amesimama juu ya paa la shule, na watu wakadhani ni yeye anayegonga.

"Ametoka ndani ya skrini!" Masese akapiga kelele kutoka benchi la mbele.

Mimi sikushtuka. Nilikuwa na maikrofoni mkononi, na mwenye maikrofoni katika ukumbi wa Osman pale Keroka haogopi kitu. Mimi ni Ombati. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mizani nikichuma chai, silabi moja kwa kila kidole, na siku hizi watu hutoka hadi Nyansiongo kuja kunisikia. Osman ana televisheni na tamthilia za ng'ambo. Mimi nina ulimi. Wale wanafunzi wa kizungu wanaongea puani, wanageuka mbwamwitu, wanapendana, wanakufa na kufufuka, na hakuna anayeelewa mpaka niwatafsiri kwa Kiswahili chenye vina na kuwapa majina ya kwetu.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya tatu, na msimu wa tatu wa tamthilia hiyo. Tulikuwa tumeanza saa mbili asubuhi. Wasabato walikuwa wamemaliza ibada yao jana yake, na Wakatoliki walikuwa wametoka misa ya kwanza, au walisema hivyo. Vipindi kumi na kimoja vilikuwa vimepita bila mapumziko ila ya chai. Tulikuwa kwenye cha mwisho, na nilikuwa nimetoka tu kuimba:

*Ametokea Nyanchera, macho yawaka hasira!*

Nao, watu sitini, walikuwa wamejibu kwa sauti moja: "Achomwe Nyanchera! Achomwe!"

Ndipo fimbo ilipogonga. Pazia la mlangoni likainuliwa, mwanga ukaingia, na pamoja nao mama mzee mwenye gambuti, kitambaa chake cha kichwa kimelowa mvua. Nilimfahamu. Alikuwa Mama Mose, jirani yake Masese huko mlimani.

"Karibu, Magokoro," nikasema, kwa maana ndivyo tunavyomwita bibi wa umri huo. "Benchi la mbele lina nafasi."

"Sikufuata benchi. Nani anataka nichomwe?"

"Hakuna aliyekutaja, Magokoro. Ni huyu mchawi wa kwenye tamthilia. Anaitwa Nyanchera."

"Na mimi naitwa nani?"

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na jina lake mwenyewe sikuwahi kuliuliza. Masese akainamisha kichwa. Yeye alikuwa analijua.

"Nyanchera," akasema mama yule. "Enchera ni njia. Mama yangu alinizaa njiani akitoka mtoni, basi nikapewa jina la njia. Nimelibeba miaka sabini na miwili bila doa. Wiki hizi mbili watoto wananiimbia wimbo wako nikipita, nami nikawapuuza. Lakini Alhamisi wachuma chai wangu walimwaga uji niliowapikia. Waliumwaga mbele ya macho yangu, kijana."

Hakuna aliyecheka. Kwetu neno mchawi si la mchezo. Kwanza watu hukikataa chakula chako. Kiberiti huja baadaye.

"Lakini, mama," Masese akasema akitazama viatu vyake, "hata wewe taa yako huwaka saa kumi alfajiri. Kama ya huyo."

"Nakamua ng'ombe, Masese! Maziwa ya chai yako unadhani hutoka bombani?" Akanigeukia. "Na wewe mshairi. Kwa nini jina langu?"

"Ni kina tu, Magokoro. Nilitafuta kina cha ra. Hasira, Nyanchera."

"Nimeimba kwaya miaka arobaini," akasema. "Ishara haina ra? Hasara haina ra? Maneno yote hayo, ukaona uchukue jina la mtu?"

Angenitukana ningemjibu, tena kwa beti. Lakini alikuwa amenipiga mahali ambapo hakuna mtu wa Keroka aliyewahi kunifikia, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimeokota neno la kwanza lililopita, kama mvivu.

"Malizia basi!" mtu akaita kutoka nyuma.

"Osman," nikasema, "rudisha kipindi mwanzo."

"Wallahi, Ombati, watu wataondoka."

"Rudisha."

Akarudisha. Nikapanda juu ya benchi. "Jamani, nimekosa, na mnajua mimi sina mazoea ya kusema hivyo. Mchawi huyu haitwi Nyanchera. Jina lake hasa ni hili."

*Ametokea Ombati, mchawi juu ya bati!*
*Leo kakosa bahati, mchomeni katikati!*

Kisha msichana mmoja akaangua kicheko, na mabenchi yakaanza kutikisika. "Achomwe Ombati! Achomwe!" Sauti ya Masese ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Kipindi kizima nikajiroga, nikajilaani, na moto ulipowashwa nikafa kwa beti nane, nikiomba maji kwa vina vya kati na vya mwisho, bila kurudia neno hata moja. Hakuna mtu aliyewahi kufa vizuri hivyo katika mji huu. Walinipigia makofi wakiwa wamesimama.

Magunia yalipotolewa madirishani nilimwona Nyanchera ameketi mwisho wa benchi, fimbo magotini. Wasichana wawili walimwamkia walipotoka. Wengine walimpita mbali kidogo. Masese alizunguka akapitia upande wa pili.

"Umekufa vizuri," Nyanchera akaniambia. "Lakini umekufia humu ndani. Kule juu kesho ni Jumatatu, nitapika uji tena, na sijui nani atakayeunywa."

Maikrofoni ilikuwa bado inawaka. Spika moja ya Osman huning'inia nje, ikielekea barabarani, na waliokuwa wametoka walikuwa wamesimama chini yake wakikwepa mvua, Masese miongoni mwao. Nikamkazia macho mama yule, nikasema kwa sauti yangu yote:

"Magokoro Nyanchera, kesho saa sita, wachuma chai wakiwa wamejaa shambani, mimi Ombati nitakuja kwako. Nitaketi nje mlangoni, mchana kweupe, na nitakunywa uji wako kikombe baada ya kikombe, wote wakinitazama, mpaka sufuria ibaki tupu."